Je, wajua kwa nini joto huleta vipele, na kwa nini kupaka mafuta huvizidisha?

Mtoto amelala salama, asubuhi unamvua nguo unakuta shingo na mgongo vimejaa vipele. Wengi wetu mkono hukimbilia kopo la mafuta. Tafadhali liache kwanza.

Vipele vya joto, au harara, ni jasho lililokosa pa kutokea. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na kila tezi ina kijimrija kinachopandisha jasho hadi juu. Ngozi ikikaa imelowa jasho kwa muda mrefu, seli zilizokufa pamoja na bakteria wa kawaida wa ngozi huziba vijimrija hivyo. Jasho linaendelea kutengenezwa, kwa hiyo huvujia ndani ya ngozi na kuiudhi. Mafuta mazito huongeza kizibo juu ya kizibo.

Sura ya kipele hutegemea mahali kizibo kilipo. Kikiwa juu kabisa, utaona vilengelenge vidogo vyenye maji maangavu kama matone ya umande. Haviwashi, na hupasuka ukipitisha taulo tu. Vilengelenge hivyo huwapata sana watoto wachanga katika wiki zao za mwanzo, kwa kuwa vijimrija vyao havijakomaa. Kizibo kikiwa chini kidogo, ndipo huja vile vipele vyekundu vinavyowasha na kuchomachoma, hasa jasho linapoanza upya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, basi pitisha vidole taratibu: utahisi ngozi inakwaruza kwa vinundu.

Kwa mtoto, tazama mikunjo ya shingo, kwapa, kifua na sehemu inayofunikwa na nepi. Kwa mtu mzima, tazama chini ya matiti, kiunoni mkanda unapobana, kwenye kinena, na mgongoni kwa mgonjwa anayelala muda mrefu. Viganja na nyayo kwa kawaida havipati harara. Vipele vikiwa katikati ya vidole, vinawasha zaidi usiku na wengine nyumbani nao wanajikuna, fikiria upele wa kuambukiza, ambao una dawa yake.

Tiba kubwa ni kupoza ngozi. Mvue mtoto nguo za ziada, mweke penye hewa, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu yanayoelekea kupoa, kisha mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, mikunjo isisahaulike. Mvalishe pamba nyepesi isiyobana. Ukitaka kujua kama amezidiwa na joto, mguse kifuani au nyuma ya shingo. Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha, na hilo ndilo huwafanya wazazi wamfunike kupita kiasi. Poda iache, vumbi lake likiingia mapafuni humdhuru. Losheni ya kalamini husaidia muwasho, lakini krimu za steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi) asipakwe mtoto bila ushauri wa mhudumu wa afya. Mtu mzima naye afuate njia hiyo hiyo, na kitambaa kilicholowekwa maji baridi kitamtuliza zaidi ya kujikuna.

Mara nyingi harara hupungua ndani ya siku chache. Ikikaa zaidi, au vipele vikatunga usaha, vikavimba na kuuma, nenda kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38°C au zaidi apelekwe mara moja, vipele viwepo visiwepo. Na mgonjwa mwenye homa na madoa, bonyeza madoa hayo kwa upande wa glasi safi: yasipofifia chini ya glasi, hiyo si harara, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.