"Mfungieni ndani, ataacha": tunayokosea Moshi kuhusu ulevi na uraibu

Kwetu Moshi, mlevi akishindikana, ukoo hukaa kikao na uamuzi huwa mmoja: mfungieni chumbani, mnyimeni pombe, ataacha mwenyewe. Ndivyo tulivyomfanyia binamu yangu. Siku ya kwanza alitetemeka na kulowa jasho. Siku ya tatu alikuwa anafukuza panya ambao hakuna mwingine aliyewaona, na shangazi akaanza kukemea mapepo.

Hayakuwa mapepo. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukikatishiwa ghafla, ubongo huchachamaa. Mtetemeko huanza ndani ya saa chache, degedege huweza kufuata, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne hivi mtu anaweza kuweweseka hadi akafa. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza, mfano diazepamu, kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Mnywaji wa kila siku asiachishwe kwa kufuli. Sisi tulimpakia kwenye bajaji usiku ule, tukawahi.

Wapo wanaosema mbege ni chakula, si pombe. Ni ndizi na ulezi, kweli, na shughuli ya Kichaga bila mbege haijakamilika. Lakini ikishachachuka ina kilevi, na anayeihitaji asubuhi ili mikono itulie ni mgonjwa wa kupelekwa kliniki.

Kwa watumiaji wa unga mambo ni tofauti kidogo. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, inatesa sana, ila yenyewe huua kwa nadra. Hatari kubwa iko mbele: aliyekaa soba (nyumba ya kuachia unga) miezi kadhaa akirudia kipimo chake cha zamani, mwili haukihimili tena, na anaweza kuacha kupumua. Familia nyingi hudhani siku ya kutoka soba ndiyo siku ya kupona, kumbe ndipo anapohitaji kuangaliwa zaidi.

Na methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, si "kubadili unga kwa unga". Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, huzuia arosto kwa siku nzima, na kwa dozi sahihi mtu hufanya kazi zake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011.

Halafu kuna lile la "mambo ya akili ni Mirembe". Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili iko Dodoma! Hospitali za KCMC na Mawenzi ziko hapa hapa mjini, na sonona iliyojificha nyuma ya chupa hutibika bila kulazwa mbali. Kinachotuumiza ni ufuatiliaji. Mgonjwa akisharuhusiwa, anayeishi kijijini juu mlimani hutegemea nauli ya kurudi kliniki. Natamani zahanati ya kata iwe na mtu aliyefundishwa kumpima, kumpa dawa zake na kumpigia simu asipotokea.

Binamu yangu alirudia kunywa mara mbili. Kila mara jirani walisema tumepoteza hela bure. Mara ya tatu mkewe aliingia naye kwa daktari, akasikiliza mwenyewe, na hadi leo tarehe ya kliniki ikifika hushuka wote wawili na daladala ya asubuhi.