Kanuni za chesi zinazowasumbua wanaoanza, na zilikotoka

Anayejua drafti hujifunza chesi upesi, na Dar es Salaam wanaojua drafti wamejaa kila kijiwe. Hata ubao wa miraba 64 ni uleule. Hakikisha tu kila mchezaji ana mraba mweupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia, na malkia mweupe asimame kwenye mraba mweupe. Kinachokwamisha ni kanuni chache zinazoonekana kama zimechomekwa ili kuzua ubishi. Nyingi zilikuja kwa sababu mchezo wa zamani ulikwenda polepole mno.

Mchezo huo ulianzia India na ulikuwepo kufikia karne ya 6, ukiiga jeshi la huko: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ulipita Uajemi, kisha Waarabu wakauendeleza. Katika karne ya 10 bingwa wa Baghdad alikuwa as-Suli, aliyeandika pia kuhusu mbinu zake. Katika sataranji yao, yaani chesi ya wakati huo, hapakuwa na malkia. Kando ya mfalme alikaa waziri, aliyesogea mraba mmoja tu kimshazari, hivyo hata akiwa katikati ya ubao alikuwa na miraba 4 ya kwenda. Tembo aliruka hadi mraba wa pili kimshazari, na kwa mwendo huo asingeweza kufika zaidi ya miraba 8 katika ubao mzima.

Mwishoni mwa karne ya 15, Hispania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, waziri akawa malkia na tembo akapewa mwendo wa askofu wa leo, anayekwenda kimshazari umbali wowote ulio wazi. Malkia aliye katikati ya ubao mtupu ana miraba 27 ya kwenda. Mchezo ukawa wa hatari tangu hatua za mwanzo. Mfano ni mtego unaowamaliza wageni wengi (herufi a hadi h hutaja safu wima kuanzia kushoto kwa mweupe, namba 1 hadi 8 safu mlalo kuanzia upande wake): mweupe anatoa askari hadi e4, askofu c4, malkia h5, kisha malkia anamla askari wa f7, na mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Kosa la mweusi huwa ni kutoa farasi f6 malkia akiwa tayari h5. Apeleke askari g6 kwanza. Malkia akihamia f3 kutishia tena, hapo ndipo farasi aende f6.

Kwa kuwa mfalme hakuwa salama tena katikati, ikathibitika kanuni ya kumhamisha pamoja na ngome, kipande kinachoanzia kwenye kona, kwa hatua moja. Mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo ngome huruka na kukaa upande wake wa pili. Wote wawili wawe hawajasogea, katikati yao pawe wazi, na mfalme asiwe anashambuliwa, wala asipite au kutua kwenye mraba unaoshambuliwa. Ngome ikiwa inashambuliwa si tatizo. Shindanoni shika mfalme kwanza: ukianza kugusa ngome, unaweza kunyimwa hatua hiyo.

Askari naye, ili kuokoa muda, aliruhusiwa miraba miwili katika hatua yake ya kwanza. Hapo akapata njia ya kumkwepa askari wa adui aliyekuwa anamvizia. Ndiyo maana adui huyo anaruhusiwa kumla kana kwamba amesogea mraba mmoja, lakini palepale katika hatua inayofuata. Akichelewa, haki imepotea.

Ubishi mkubwa zaidi hutokea mfalme asiposhambuliwa, lakini mwenye zamu hana hatua yoyote halali. Waarabu walimpa ushindi aliyembana mwenzake. Leo ni sare, hata kama una malkia na ngome mbili mezani.

Askari akifika mwisho wa ubao hubadilishwa kuwa kipande kingine, na si lazima kipande unachochagua kiwe kimeshaliwa: malkia wawili wanaruhusiwa. Ila usigeuze ngome kichwa chini na kuiita malkia. Shindanoni mwamuzi ataihesabu kuwa ngome.