Umeweka tairi kubwa? Pima odomita kwanza, mshale baadaye

Mzee mmoja anayelima viazi kule Molo aliniletea Prado yake karakana hapa Nakuru akiwa na swali moja. "Kijana wangu, hili gari lina ugonjwa gani? Mwanangu hunifuata nyuma na gari lake. Kwangu mshale uko 100, yeye ananipigia honi, tukisimama ananiambia kwake ni 107."

Sikufungua boneti. Niliinama nikasoma tairi. Gari lilitoka kiwandani na 265/65R17, na mzee alikuwa ameweka 285/70R17 ili lisikwame kwenye matope ya shamba. "Mzee, gari ni zima," nikamwambia. "Ila halijui kwamba limebadilishiwa viatu."

Gari lolote halioni barabara. Linahesabu mizunguko, kisha linazidisha kwa urefu wa mzunguko mmoja wa tairi ambayo kiwanda kiliitarajia. Tairi ikiwa ndefu zaidi, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi, lakini hesabu ndani ya dashi inabaki ile ile. Ndiyo maana mshale wa spidomita, yaani kipima mwendo, unasema kidogo kuliko ukweli.

Namba za ubavuni ndizo za kuanzia. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, 17 ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Ubavu ni 265 mara 0.65, yaani 172.25. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya 431.8, unapata tairi yenye kimo cha milimita 776.3. Ile mpya ya mzee, kwa hesabu hiyo hiyo, ni 830.8. Gawanya, utaona imezidi kwa asilimia 7.

Hapo wengi husimama na kusema: basi mshale ukiwa 100, gari linakwenda 107, na mtoto wa mzee alisema kweli. Hapana. Tulitoka na simu yenye GPS hadi barabara kuu ya kwenda Nairobi. Msaidizi alishika simu, mimi nikashika usukani. Mshale ulipotulia kwenye 100, simu ilisema 102.

Ile tano ilienda wapi? Ilimezwa na kiwanda. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inakataza kabisa spidomita kusema chini ya mwendo halisi, lakini inairuhusu iseme juu, hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo watengenezaji huupeleka mshale mbele kidogo makusudi. Prado ya mzee ikiwa na tairi za mwanzo ingeonyesha 100 huku inakwenda karibu 96. Gari la kijana nalo lilikuwa na tabia hiyo hiyo, ndiyo maana lilimwambia 107 wakati wote wawili walikuwa kwenye 102. Usipime spidomita kwa spidomita nyingine.

Sasa naja kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Mafundi wengi hapa mjini huona simu inasema 102, dashi inasema 100, wakarekebisha asilimia 2 na kumrudishia mtu ufunguo. Mshale unakaa sawa na simu, mteja anafurahi. Lakini odomita, yaani kihesabu cha kilomita, imebaki mbovu. Ile chumvi ya kiwanda imetiwa kwenye mshale tu. Odomita inahesabu mizunguko bila nyongeza, na kwa tairi za kiwandani huwa karibu sana na ukweli. Ukibadilisha tairi, inapoteza asilimia yote, haina akiba ya kumeza kosa.

Kwa hiyo mimi napima umbali. Naweka kihesabu cha safari kwenye sifuri, nawasha simu, naendesha hadi dashi iseme kilomita 20. Kwa mzee, simu ilisema 21.3. Hiyo ni asilimia 6.5, na hiyo ndiyo namba niliyoirekebisha. Haikufika 7 ya kwenye karatasi kwa sababu tairi iliyobeba gari hukaa chini kidogo, na upepo uliotiwa unachangia. Kama huna simu, piga mstari wa chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mizunguko mitano kamili juu ya sakafu tambarare, pima kwa tepu ya seremala, gawanya kwa tano. Fanya hivyo kabla ya kuvua tairi za zamani pia, maana zikishauzwa hutazipima tena.

Asilimia 6.5 si jambo dogo kwa mtu wa shamba. Sevisi ya kilomita 5,000 inakuwa ya 5,325. Mzee alikuwa pia analalamika kwamba tairi mpya zinakunywa mafuta. Ni kweli tairi nzito huongeza ulaji, lakini sehemu ya malalamiko ilikuwa hesabu: lita 60 kwa kilomita 500 za dashi ni 12 kwa kila mia, ilhali kilomita halisi zilikuwa 532, ambazo ni lita 11.3 kwa mia.

Marekebisho yenyewe yanategemea umri wa gari. Yale ya kebo yana kigia cha plastiki mwishoni mwa gia boksi, kinachozungusha kebo hadi kwenye sumaku nyuma ya mshale. Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya mfumo huo wa sumaku mwaka 1902, na bado ninaukuta kwenye pikapu za zamani za Njoro. Hapo unabadilisha kigia. Kumbuka: tairi kubwa inataka kigia chenye meno machache, kwa sababu meno yakipungua kebo inazunguka haraka zaidi. Kutoka meno 33 hadi 31 unapata asilimia 6.5. Niliwahi kupokea pikapu iliyotoka kwa fundi mwingine aliyeongeza meno akidhani kikubwa kinakwenda na kikubwa. Kosa lilikuwa limekaribia maradufu, na mwenye gari alikuwa akipita katikati ya miji kwa mwendo asioujua.

Magari yaliyofuata yana sensa. Toyota nyingi za Kijapani za kizazi hicho hutoa mapigo 4 ya umeme kwa kila mzunguko wa kigia, na kigia huzunguka mara 637 kwa kilomita, yaani mapigo 2,548. Kwa tairi iliyozidi asilimia 6.5 unapata 2,392 tu. Kuna kisanduku kidogo cha elektroniki kinachofungwa kwenye waya wa ishara: kinapokea mapigo pungufu, kinatoa yaliyotimia. Kina waya wa moto, wa athi (unaofungwa kwenye chuma cha gari), wa kuingia na wa kutoka. Athi ikiwa mbovu mshale utarukaruka, kwa hiyo ikwangue rangi hadi chuma king'ae. Hiki ndicho nilichomfungia mzee.

Mengine mapya yanasoma mwendo kutoka sensa za ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) kwenye magurudumu. Ford Ranger, kwa mfano, inakubali kuandikiwa kipimo kipya cha tairi kwa kompyuta, bila kukata waya. Kama gari lako linakubali, usimruhusu mtu akate waya.

Kwa ndugu zangu wa matatu: spidi gavana ya 80 inafuata ishara hiyo hiyo. Tairi ikizidi asilimia 5, gavana itakata kwenye 84, na mteremko wa Sachangwan haujali ulichoandikiwa kwenye cheti. Gavana imefungwa kwa lakiri, mimi siigusi. Inarudi kwa aliyeidhinishwa kuifunga. Lakini si kila tairi nene ni ndefu. Hiace ikitoka 195/80R15 kwenda 225/70R15, kimo kinatoka milimita 693 hadi 696. Hapo hakuna cha kurekebisha, na atakayekuuzia kisanduku anakula pesa yako bure.

Spea nayo. Mzee alikuwa na spea ya saizi ya zamani chini ya gari. Prado inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, na gurudumu moja fupi huilazimisha difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu) kufanya kazi mfululizo hadi ichemke. Nilimwomba anunue ya tano.

Baada ya kufunga tulirudi barabara ile ile. Dashi 20.0, simu 20.0. Mshale kwenye 100, simu 96, kama ilivyotoka Japani. Mzee akaniuliza: "Na zile kilomita ambazo haikuhesabu, utaziongeza?" Alikuwa ametembea 9,000 za dashi kwa tairi hizo. Namba za odomita haziguswi na mkono wangu, hata kwa nia njema. Nilichukua kadi yake ya sevisi, nikaandika tarehe, saizi ya tairi, na chini yake: ongeza 585.