Kiongozi Si Kipaza Sauti: Dhana Nilizoingia Nazo Chuoni Mtwara

Wiki ya pili tangu nifike Mtwara kuanza chuo, tulichagua kiongozi wa darasa. Nilisimama mbele, nikaongea dakika tano bila karatasi, nikashinda. Usiku ule nilirudi chumbani kwangu Chikongola nikiamini habari ya uongozi nimeshaimaliza. Sasa niko mwaka wa tatu, na katika yale niliyoyaamini siku ile yamebaki machache. Nawaona wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wakiingia nayo vilevile, ndiyo maana naandika.

Dhana: Kiongozi huzaliwa.

Damu ina sehemu yake, lakini ndogo kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Marekani uliwalinganisha mapacha wa kiume wanaofanana na wasiofanana. Ulikuta kwamba takribani asilimia 30 ya tofauti baina ya walioshika nafasi za uongozi na wasioshika inatokana na urithi. Inayobaki ni maisha: kazi ulizokabidhiwa, watu waliokurekebisha, mazingira uliyopitia.

Dhana: Anayejua kuongea ndiye anayejua kuongoza.

Hii ndiyo iliyonigharimu, tena iliwagharimu wenzangu zaidi yangu. Muhula wa pili likaja tangazo la kusaini fedha za kujikimu. Nikaliweka kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku, nikalipamba kwa maneno mazuri, nikalala. Kesho yake jioni usaini umefungwa na wenzetu wanne hawajasaini. Mmoja alikuwa na kitochi, simu isiyojua WhatsApp ni nini. Mmoja alikuwa Tandahimba akimuuguza mama yake. Wawili waliishiwa bando. Walisubiri wiki tatu hadi awamu iliyofuata, wakila kwa kukopeshana.

Darasani kwetu kulikuwa na dada mmoja wa Newala ambaye sidhani kama nilikuwa nimewahi kumsikia akiuliza swali. Siku ile alinifuata nje, chini ya mwembe, akafungua kaunta buku. "Kaka, hawa wanne ningekwambia, ila hukuuliza." Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula: jina, mtaa, namba ya simu, namba ya mtu anayeishi naye. Wasio na simu janja alikuwa amewazungushia kalamu nyekundu. Walikuwa kumi na moja. Mimi niliyeomba kura zao sikujua kwamba tangazo langu haliwafikii.

Kwa nini basi darasa lilinichagua mimi na si yeye? Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba katika makundi ya watu wanaofanya kazi pamoja, anayeongea muda mrefu ndiye anayeonekana kuwa kiongozi, hata ukiweka kando akili yake. Yaani masikio yetu ndiyo yanayopiga kura. Kulijua hilo peke yake kunatosha kumfanya mtu atulie kidogo kabla ya kunyoosha mkono.

Dhana: Bila cheo huwezi kuongoza.

Mtu wa Mtwara hapaswi kuamini hili. Oktoba 2018, kwenye minada ya korosho ya Tandahimba na Newala, wakulima walizikataa bei za wanunuzi, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata hayakuwa mepesi, malipo ya wengi yalichelewa. Lakini waliosema "hapana" siku ile walikuwa wenye mikorosho, na wengi wao hawakuwa na cheo chochote.

Dhana: Kiongozi akikiri kosa anajishusha.

Mji huu tunaosomea ulikuzwa kwa ajili ya kosa kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea wakaamua kujenga bandari ya kina kirefu hapa Mtwara pamoja na reli. Ardhi na mvua hazikuchunguzwa vya kutosha. Kongwa, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika, na bado wakubwa waliendelea kutoa matumaini. Mpango ulifutwa mwaka 1951, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36. Reli iling'olewa miaka ya sitini. Bandari tunayo.

Katika miaka ya tisini mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi huko Marekani, akakuta jambo lililomshangaza: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Alipochimba zaidi, maelezo yaliyojitokeza ni kwamba kule watu hawakuogopa kuyasema. Nilisimama mbele ya darasa nikawaomba radhi wale wanne kwa majina. Magoti yalitetemeka kuliko siku ya kuomba kura. Lakini tangu siku hiyo watu walianza kuniambia mambo mapema: kaka, ukumbi umebadilishwa, kaka, fulani anaumwa.

Dhana: Kukua ni kukusanya vyeti vya semina.

Ninavyo vinne. Havikunifundisha alichonifundisha yule dada kwa kaunta buku. Huku Kusini, hata mwali hatolewi unyagoni kwa kusikiliza hotuba. Anaye nyakanga na makungwi wanaomfundisha na kumrudi anapokosea. Mtu hukua mbele ya macho ya mtu mwingine.

Mwaka wa pili sikugombea. Nilimpendekeza yeye, akakataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti moja: niwe naibu wake, na kila likija tangazo nizunguke Magomeni na Chikongola kwa miguu, kwa wale wa kalamu nyekundu. Nilizunguka mwaka mzima.