Uvimbe wa tumboni kwa panya wa maabara: yanayoaminika na yaliyo kweli

Uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi ya ubavu unaonekana kwa macho na kupimika kwa kalipa, chombo chenye taya mbili cha kupimia upana wa kitu: urefu zidisha kwa upana, zidisha tena kwa upana, gawa kwa 2. Uvimbe wa kongosho, ini, ovari au utando wa tumbo hautoi nafasi hiyo. Umejificha ndani ya mnyama wa gramu 25, na kila kipimo kinachoshika nafasi ya kalipa kina namna yake ya kudanganya. Dhana zilizo hapa chini husikika hata midomoni mwa watu waliokwisha zoea kazi hii.

Dhana: Uzito ukipanda, panya anaendelea vizuri

Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu mizani haikosei. Anayekosea ni msomaji wake. Saratani ya ovari na nyingine zinazotapakaa kwenye utando wa tumbo hujaza maji tumboni. Chukua panya aliyeanza jaribio akiwa na gramu 25, leo ana 28. Daftari linaonyesha ameongezeka gramu 3. Lakini kama tumboni mna mililita 5 za maji na gramu moja ya uvimbe, mwili wake halisi umebaki na gramu 22 hivi. Amepoteza asilimia 12, na hakuna tarakimu yoyote kwenye daftari inayosema hivyo.

Kwa hiyo mizani iende pamoja na kidole. Panya akiwa amesimama juu ya kifuniko cha kizimba, pitisha kidole juu ya uti wa mgongo hadi kwenye nyonga. Mifupa ikisikika kwa kubonyeza kidogo tu, mpe alama 3, yaani mwili wa kawaida. Pingili zikihesabika moja moja, ni 2. Mifupa ikiwa imechomoza na nyama imeisha, ni 1. Kipimo hiki cha alama 1 hadi 5 kilichapishwa mwaka 1999 na Ullman-Culleré na Foltz, hakigharimu hata senti, na kwa panya wenye maji tumboni kina maana kuliko gramu. Tumbo lililotanuka juu ya mgongo wenye alama 2 ni panya mgonjwa sana, hata kama mizani inamsifu.

Pima saa ileile kila mara. Panya hula usiku, kwa hiyo uzito wa asubuhi na wa jioni haulingani, na tofauti hiyo inaweza kufunika badiliko unalolitafuta.

Dhana: Mwenye mikono mizoefu akipapasa tumbo anajua ukubwa wa uvimbe

Anajua upo. Ukubwa hajui. Mpapasaji hushika ngozi ya kisogo kwa mkono mmoja, mkia ukabanwa na kidole kidogo, kisha kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili husogea taratibu kutoka kwenye mbavu kwenda nyuma. Njiani vidole hukutana na figo (ya kulia imekaa mbele kidogo ya ya kushoto), wengu upande wa kushoto, punje za kinyesi zilizopangana kwenye utumbo mpana, na kibofu kilichojaa. Kila kimojawapo kimewahi kuandikwa "uvimbe" na mtu fulani. Kibofu ni rahisi: panya wengi hukojoa wakishikwa, msubiri amalize. Kinyesi hubadilika mahali kesho yake, uvimbe haubadiliki.

Usibonyeze kwa nguvu kutafuta uhakika. Uvimbe wenye mishipa mingi hupasuka, na panya mzima ana mililita mbili za damu, au pungufu.

Dhana: Mwanga ukipungua, dawa imefanya kazi

Seli za saratani zilizopewa jeni la lusiferezi, kimeng'enya cha kimulimuli, hutoa mwanga zikipata lusiferini, kemikali anayochomwa panya, na kamera yenye hisia kali huunasa mwanga huo kupitia ngozi. Njia ni nzuri, na kwa uvimbe uliotawanyika tumboni ni vigumu kuipiku kwa wepesi. Ila kinachopimwa ni mwanga, na mwanga una sababu nyingi za kupungua mbali na kufa kwa seli.

Lusiferezi inahitaji oksijeni na ATP, yaani nishati ya seli. Uvimbe ukikua haraka, kiini chake hukosa damu na kuoza, hivyo hutoa mwanga kidogo wakati umezidi kuwa mkubwa. Damu iliyovuja ndani yake hunywa mwanga. Maji tumboni huzimua lusiferini. Manyoya meusi ya C57BL/6, ukoo wa panya wa maabara, nayo huzuia mwanga, kwa hiyo yanyolewe. Hata baada ya kunyoa, ngozi hupata mabaka meusi pale nywele mpya zinapoanza kuota, na panya yuleyule huonekana na uvimbe mdogo wiki hii kuliko iliyopita. Ukiweza kuanza na panya weupe, umejiepusha na taabu hiyo.

Kosa linalotokea sana liko kwenye sindano. Kipimo cha kawaida ni miligramu 150 za lusiferini kwa kilo, yaani ukiyeyusha miligramu 15 kwa mililita, unachoma mikrolita 10 kwa kila gramu ya panya. Sindano ya geji 25 hadi 27 huingia upande wa kulia chini ya tumbo, kichwa cha panya kikiwa kimeinamishwa ili matumbo yasogee mbele. Ikiingia ndani ya utumbo, au ikabaki chini ya ngozi, mwanga hushuka ghafla. Mwanga wa panya mmoja ukishuka hadi sehemu moja ya kumi huku wenzake wa kundi hilohilo hawajabadilika, shuku sindano kabla ya kushangilia dawa. Rudia kipimo kesho yake.

Kingine ni saa. Mwanga hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Kwa sindano ya tumboni kilele mara nyingi huja kati ya dakika 10 na 20. Usiamini namba hiyo bila kuijaribu kwa seli zako: siku ya kwanza piga picha kila baada ya dakika 2 au 3 mpaka mwanga uanze kushuka, kisha shika dakika hiyo hadi mwisho wa jaribio. Uvimbe ukishajaa tumbo kilele huweza kuchelewa, kwa hiyo zoezi hili lirudiwe katikati. Andika matokeo kwa fotoni (chembe za mwanga) kwa sekunde. Hesabu ghafi za kamera hubadilika na muda wa kufungua lenzi. Na usichanganye njia: panya waliochomwa tumboni hawalinganishwi na waliochomwa chini ya ngozi ya kisogo.

Dhana: Ultrasaundi haimdhuru panya, basi inaweza kurudiwa hata kila siku

Mawimbi yenyewe hayamdhuru. Kinachomchosha ni maandalizi: nusukaputi ya isofluraini, kunyolewa tumbo, krimu ya kuondoa nywele, na jeli. Panya aliyelazwa hupoteza joto upesi, na jeli baridi kwenye tumbo tupu huzidisha. Jukwaa liwe na joto, jeli ipashwe, krimu ifutwe kabisa ndani ya dakika moja au mbili ili isiunguze ngozi. Panya aliyedhoofika anaweza asiamke. Mara moja au mbili kwa wiki hutosha kwa kazi nyingi.

Adui wa picha ni hewa ya utumbo, kwani mawimbi hayapenyi. Anayetafuta kongosho aanze kwa wengu upande wa kushoto, kisha aufuate. Maji ya tumboni, kinyume na yanavyovuruga mwanga, hapa husaidia: sauti hupita vizuri ndani yake.

MRI, yaani picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hutoa ujazo ulio sahihi zaidi, lakini ni polepole na ghali. Maabara isiyo na mashine yoyote kati ya hizi isijione imekosa kila kitu. Mizani, kidole na jicho vikitumika kwa nidhamu hugundua mengi.

Dhana: Maji yakijaa, yatoe yote apumue

Ukitoa yote kwa mkupuo, shinikizo la tumbo hushuka ghafla, damu hukimbilia huko, na panya huingia kwenye mshtuko. Maji hayo pia yamebeba protini zake, na hujaa tena upesi. Kutoboa kufanyike pale tu itifaki iliyopitishwa na kamati ya maadili inaporuhusu, taratibu, na maji ya chumvi yenye uvuguvugu yachomwe chini ya ngozi kufidia. Kamati nyingi hazipendi kuona kutoboa huko kukirudiwa. Kwa kawaida tumbo la kiasi hicho ni ishara kwamba jaribio la panya huyo limefika mwisho.

Dhana: Panya akiumwa utamwona

Panya ni windo. Huficha udhaifu, hasa mtu akiwa amesimama mbele yake. Mwangalie kabla hujagusa kizimba: amejikunyata, manyoya yamesimama, yuko peke yake nje ya kiota? Tazama uso kwa kipimo kilichochapishwa mwaka 2010: macho kubanwa, pua na mashavu kuvimba, masikio na sharubu kubadili mkao, kila kimoja alama 0 hadi 2. Asipimwe akiwa amelala au ametoka kwenye nusukaputi muda si mrefu. Jaribio jingine jepesi: weka kipande kipya cha malighafi ya kiota, panya mzima hukichukua na kukijenga ndani ya dakika 10.

Kumnyanyua kwa mkia humtia hofu na kuharibu unachokitazama. Tumia bomba la plastiki au viganja viwili.

Dhana: Chini ya sentimita 2 hakuna tatizo

Kikomo hicho, kinachotumiwa na taasisi nyingi za Marekani, kimezoeleka kwa uvimbe wa chini ya ngozi. Mwongozo wa Uingereza wa 2010 ni mkali zaidi. Tumboni, mahali uvimbe ulipo huwa na maana kuliko ukubwa wake. Uvimbe wa milimita chache kwenye kichwa cha kongosho unaweza kuziba mrija wa nyongo, na masikio na nyayo zikageuka njano. Vikomo viandikwe kabla ya kupandikiza seli: kupoteza asilimia 20 ya uzito, mgongo kushuka chini ya alama 2, uvimbe kuzidi asilimia 10 ya mwili, kupumua kwa shida, manjano. Chochote kimoja kikitimia, inatosha kusitisha jaribio la panya huyo.

Dhana: Siku za kuishi hupimwa kwa kusubiri afe

Siku ya kufika kikomo ndiyo inayoingia kwenye chati. Aliyekufa usiku huharibika kizimbani, pengine ametafunwa na wenzake, na tishu zake hazifai darubini. Ukaguzi wa kila siku uwe mara mbili kadiri kikomo kinavyokaribia, na swali la nani anakuja Jumapili lijibiwe Ijumaa.

Baada ya kumuua kwa utaratibu, vuta maji yote kwa bomba la sindano na uandike ujazo. Pima uzito wa mwili uliobaki bila maji, kisha wa kila uvimbe, na uviweke kando ya picha ya mwisho.