Chura wa Kihansi hana shida na bwawa
Nikitaja tu kwamba natafiti vyura, lazima mtu arukie wale vyura wa Kihansi, walioharibiwa makazi yao na mradi wa umeme: "Si mngewahamishia kwenye lile bwawa la umeme? Maji si yamejaa pale?" Jamani. Tena wanaouliza ni wasomi.

Chura huyo bwawa alifanyie nini? Hatagi mayai majini, wala hana viluwiluwi wa kuogelea. Mayai hukulia tumboni mwa mama, kila kijusi kikila kiini cha yai lake, kisha vinazaliwa vichura kamili vya milimita 5 hivi. Mama mwenyewe hafiki sentimita 3. (Hapana, hanyonyeshi. Nimeulizwa na hilo.)

Anachotaka ni manyunyu. Mto Kihansi ulikuwa ukijipigiza kwenye miamba ya korongo lake, huku milima ya Udzungwa, Tanzania, na kurusha rasharasha masika na kiangazi. Kando ya maporomoko, mimea iliyotandaa chini kama zulia haikukauka hata siku moja. Eneo lote hilo ni kama hekta 2, na kwingine duniani hakuwahi kuonekana. Alipogunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi ulikuwa umeshaanza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikawa inapitia kwenye handaki la mitambo, rasharasha ikakatika. Sasa mtu anafika, anaona mto bado unatiririka, anasema "mbona maji yapo?" Yapo, ndiyo, lakini yanapita chini mtoni tu. Chura huyu anataka maji yaliyopasuka hewani, yakiletwa na upepo wa maporomoko yenyewe.

Mabomba ya kunyunyizia yalifungwa, yakasaidia. Katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000, halafu ghafla wakapukutika. Jibu la vitabuni ni kuvu wa kaitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, na kweli alipatikana kwenye mizoga. Ila kipindi hicho hicho mabomba yaliharibika wakati wa kiangazi, na milango ya bwawa ikafunguliwa kusukuma tope lenye viuatilifu vya mashamba ya juu. Mimi simtwishi kuvu kesi yote.

Mengine mnayajua: 499 walikuwa wameshapelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Wamerudi chini ya mabomba yale yale. Kama mna swali gumu, niulizeni hapo: chura anayeishi kwa bomba, tumhesabu kuwa yuko porini? Tukibishana wenyewe kwa wenyewe hatukubaliani.

Bwawa msiniulize tena.