Tinga Tinga Tales: mnayoambiwa na ukweli wenyewe

Kuna hii katuni ya Tinga Tinga Tales, ile ya wanyama wa rangi kali wenye madoadoa mwili mzima, kila epsodi inajibu swali moja tu, kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini popo ananing'inia kichwa chini. Ilianza kuonyeshwa Februari 2010 kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, na ukitaja jina lake leo wengi hata hawaikumbuki. Wanaoikumbuka nao wana maneno wanayoyarudia kila siku, na mengine yanafuta kabisa jasho la watu.

Eti ni katuni ya Wazungu, imechorwa London. Hapana jamani. Wazo na hela zilitoka huko, hilo halina ubishi, prodyuza alikuwa Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect, yule yule wa katuni ya watoto ya Charlie and Lola, BBC wakaagiza na Disney nao wakaingia kama washirika (ndiyo maana walioiona Disney Junior wanadhani ni ya Disney, siyo). Lakini kazi yenyewe ya kuwachora wale wanyama na kuwafanya watembee ilifanyika Nairobi, studio ya Homeboyz, hao hao Homeboyz watu wanaowajua kwa madijei na timu ya raga. Na kumbuka miaka ile katuni nyingi za Ulaya na Marekani kazi ya mikono ilikuwa inapelekwa Asia, kwa hiyo kuileta Nairobi, mjini ambako studio za namna hiyo zilikuwa za kuhesabu, ulikuwa uamuzi mzito. Muziki pia ni wa huku, Eric Wainaina ndiye aliyeusimamia, na ukisikiliza utajua tu kwamba aliyepiga hakuwa anaigiza Uafrika.

Sasa hili linalofuata ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ule uchoraji ni "sanaa ya kale ya kikabila". Mtu anasema hivyo bila hata kupepesa macho, wengine wanaichanganya na vinyago vya Wamakonde. Tingatinga ni jina la mtu! Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alifanya vibarua kwenye mkonge Tanga akaja Dar es Salaam, na picha alianza kuchora mwaka 1968, yaani uhuru tayari, Azimio la Arusha tayari. Hakuwa na turubai wala rangi za kisanii, alichukua hadibodi za kuezekea dari akazikata vipande vya mraba, akanunua rangi ya baiskeli dukani, akachora mnyama mmoja mkubwa katikati na nyuma rangi moja tu. Picha zikawa zinauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Miaka minne tu baadaye, 1972, polisi walimpiga risasi kimakosa akafa. Miaka minne! Na ndani ya muda huo alishafundisha vijana wake, hao ndio walioiendeleza mpaka ikawa na ushirika wake Dar, wakaongeza vitu kibao kwenye picha, ndege, maua, vijiji vizima. Kwa hiyo ukimuona yule simba wa kwenye tivii, mtindo ule una umri mdogo kuliko wazee wengi wa mtaani kwako.

Halafu kuna wanaouliza kwa nini Wakenya wachore kitu cha Watanzania. Mbona sanaa hii ilivuka mpaka zamani sana, Simon Mpata, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Edward, alihamia Kenya akachora huko, na ile hoteli ya Mpata Safari Club kule Maasai Mara imepewa jina lake.

Kwenye sauti mambo yanageuka. Watu wanadhani wanaozungumza ni Wakenya kwa ile lafudhi, kumbe waigizaji wengi walitoka Uingereza, tembo mwenyewe ni Lenny Henry, mchekeshaji aliyezaliwa Dudley kwa wazazi wa Jamaika. Mimi hapa nalalamika wazi, sauti za Nairobi na Dar zingekaa vizuri zaidi.

Hadithi nazo siyo za kabila moja wala nchi moja. Zimeokotwa sehemu mbalimbali za Afrika, kile kisa cha gamba la kobe lenye nyufa kinasimuliwa sana na Waigbo wa Nigeria, kisha zimelainishwa zimfae mtoto wa miaka minne mpaka sita, kwa hiyo usishangae ukikuta siyo kama alivyokuhadithia bibi.

Na kuna hili la "katuni ya kwanza ya Afrika". Siyo kweli, kule Misri ndugu wa Frenkel walishatoa katuni za Mish-Mish Effendi tangu 1936, na kule Niger Moustapha Alassane alikuwa anatengeneza katuni za vyura wake miaka ya 60. Sifa ya Homeboyz iko kwingine: epsodi 52 za dakika 11 kila moja, zaidi ya dakika 570 za katuni kwa kiwango cha BBC, zimetoka studio moja ya Nairobi, na hilo hata bila neno "kwanza" ni kubwa.